Mlio Unaopanda na Resi

Jioni, bodaboda zikijipanga kijiweni Buguruni au Githurai, muziki humfikia abiria kabla hajaiona pikipiki yenyewe. Spika mbili zimefungwa kwenye bampa ya mbele, redio ndogo ya kusoma flashi na kadi imekaa karibu na usukani, amplifaya imefichwa chini ya siti, na taa za rangi zinametameta kufuata mdundo. Injini ikiwa imezimwa, sauti ni safi. Dereva akiwasha, mgeni anajiunga na wimbo: mlio mwembamba unaopanda kila anapoongeza moto na kushuka anapoachia. Kwenye foleni unakuwa kama mluzi wa mbali. Barabara ikifunguka, unamshinda mwimbaji.

Wengi hujaribu kuumaliza kwa kununua spika nyingine, na mara nyingi pesa hiyo hupotea, maana spika hutoa tu kile ilicholetewa. Mlio unaofuata resi ya injini umezaliwa kwenye injini, ukapita kwenye waya, ukaingia katika amplifaya pamoja na muziki. Kazi ya fundi ni kujua ulipita wapi, na kwa hilo anahitaji sikio, mita ya bei ndogo na subira.

Tatizo hili lina umri karibu sawa na redio za magari. Mwaka 1930, mjini Chicago, Paul Galvin na ndugu yake Joseph walitengeneza redio ya gari iliyokuja kuuzwa kwa jina la Motorola. Miongoni mwa waliohangaika nayo walikuwa William Lear na Elmer Wavering, na adui yao mkubwa alikuwa cheche za plagi. Haishangazi. Mitambo ya kwanza ya Marconi ya kurusha mawimbi ya redio ilitumia cheche, kwa hiyo kila plagi inaporusha cheche, injini nayo inarusha matangazo yake, hata kama hakuna aliyeyaomba. Mwaka 1934 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Paris wakaunda kamati ya CISPR, ambayo hadi leo hupanga viwango vya kuzuia mitambo na magari kuvuruga redio. Na yule Wavering, miaka mingi baadaye, akaongoza utengenezaji wa altaneta za magari, kifaa cha kuchaji betri ambacho kimewapa mafundi wa redio mlio mwingine wa kuwinda.

Milio hiyo miwili ndiyo ya kutofautisha kwanza. Ule wa "tik-tik-tik" unaokwenda mbio injini ikienda mbio ni wa cheche. Koili huisukumia plagi maelfu mengi ya volti, na kwenye pikipiki nyingi za CDI (mfumo wa kielektroniki wa kuwasha) cheche hutoka kila mzunguko wa injini. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, hizo ni cheche 25 kila sekunde. Ule mwembamba unaoimba ni wa kuchaji. Gurudumu la sumaku linapozunguka kwenye koili za stata huzalisha umeme wa AC, kisha regileta huugeuza kuwa DC ili uchaji betri. Haugeuzi ukawa laini kabisa. Hubaki na vijimawimbi. Chukua gurudumu lenye ncha 12 za sumaku, yaani jozi 6. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika litatoa mawimbi 300 kwa sekunde, na pande zote mbili za wimbi zikigeuzwa, mapigo yanakuwa 600. Resi ikifika 6,000, mapigo ni 1,200. Sikio la binadamu linayasikia vizuri sana mapigo hayo, na hiyo ndiyo sababu mlio unapanda kama mtu anayepandisha noti.

Betri nzima hunywa sehemu kubwa ya vijimawimbi hivyo. Betri iliyochoka haiwezi. Kwa hiyo kabla ya kufungua siti, mita iwekwe kwenye vichwa vya betri. Ikiwa imepumzika na imejaa, isomeke karibu volti 12.6, na injini ikipewa resi ya wastani, ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kisha mita igeuzwe kusoma AC papo hapo kwenye betri. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, betri au regileta ina la kujibu.

Baada ya hapo swali ni moja: fundi aliyefunga redio alichukua umeme wapi? Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa sababu waya wa karibu zaidi na usukani ni wa taa kubwa, na kuukata kidogo na kuuzungushia tepu nyeusi ni kazi ya dakika chache. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, hasa za miundo ya zamani, taa kubwa haitumii betri kabisa. Inapata AC moja kwa moja kutoka kwenye stata. Dalili yake anaijua kila dereva wa usiku: taa inafifia injini ikitulia na kung'aa ikipewa moto. Redio iliyounganishwa na waya huo inalishwa mtikisiko badala ya umeme mtulivu. Itanguruma, itajizima na kujiwasha, na hatimaye huenda ikaungua, huku mwenye pikipiki akilalamikia bidhaa feki. Njia sahihi ni waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu kabisa na kichwa cha chanya, na rilei inayowashwa na ufunguo ili mfumo usilale ukinyonya betri.

Upande wa hasi hupuuzwa zaidi. Fundi hutafuta nati yoyote kwenye fremu, anafunga waya wa ethi, anasonga mbele. Lakini fremu imepakwa rangi, na rangi haipitishi umeme. Chini ya rangi kuna kutu. Usukani wa pikipiki nyingine umekaa juu ya vipande vya mpira, na hata usipokaa hivyo, njia yake kwenda kwenye fremu hupitia beringi za shingo zilizojaa grisi. Ethi ya redio ikifungwa kwenye usukani na ya amplifaya ikifungwa chini ya siti, sehemu hizo mbili hazitakuwa na volti sawa injini inapofanya kazi. Tofauti inaweza kuwa ndogo sana, sehemu ndogo ya volti, lakini redio na amplifaya zimeunganishwa pia kwa waya za RCA zinazopitisha muziki, ambazo nyuzi zake za nje nazo ni ethi. Mkondo wa kuchaji unapata uchochoro wa kupita humo, na amplifaya inaukuza kama ilivyoambiwa kukuza kila kitu kinachoingia kwa mlango huo.

Kulipima jambo hili ni rahisi. Mita iwekwe kwenye DC, waya mmoja uguse ethi ya amplifaya, mwingine uguse kichwa cha hasi cha betri, muziki ukiwa juu na injini ikinguruma. Ikisoma zaidi ya volti 0.1, ethi hiyo ni mbovu. Dawa ni kurudisha ethi zote, ya redio, ya amplifaya na ya chaja ya simu, mahali pamoja: kwenye hasi ya betri yenyewe. Waya ziwe na ncha zilizobanwa vizuri na kukazwa kwa nati. Kuzisokota na kuzifunga tepu hakutoshi.

Chaja ya simu inastahili kesi yake. Dereva wa programu za kuita usafiri hawezi kuizima simu, kwa hiyo ameifunga kwenye usukani, anaichaji kwa USB ya pikipiki, na simu hiyohiyo inapiga muziki kwa waya wa aux. Mlio unakuja. Akichomoa chaja, kimya. Akirudisha chaja na kuchomoa aux, kimya tena. Si chaja pekee wala aux pekee yenye kosa. Vikiwa pamoja vimetengeneza mzunguko wa ethi kupitia tumbo la simu. Aidha, chaja hushusha volti 12 kuwa 5 kwa kuzima na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na zile za bei ya chini hazichuji masalia yake. Kucheza muziki kwa Bluetooth kunaukata mzunguko huo bila kununua kitu. Asiyetaka Bluetooth anaweza kuweka kwenye waya wa aux kifaa chenye vitransfoma viwili vidogo, ambacho hupitisha muziki bila kuunganisha ethi za pande mbili. Besi inaweza kupungua kidogo kikiwa cha hali ya chini.

Taa za LED za kumeta hufanya uhalifu unaofanana, ila zenyewe hupenda FM. Stesheni inashika vizuri hadi taa zinapowashwa, kisha chenga tupu. Jaribio lake halihitaji mita: zima taa moja moja hadi chenga ziondoke. Iliyozimwa mwisho ndiyo yenyewe.

Kwa mlio ambao haujulikani mwenyewe, kitufe cha sauti cha redio ni shahidi mzuri na mafundi wachache hukitumia. Sauti ipunguzwe hadi sifuri, injini ikiwaka. Mlio ukibaki vilevile, umeingia baada ya kitufe hicho, yaani kwenye waya za RCA au umeme wa amplifaya. Ukipungua pamoja na muziki, umeingia kabla, kwenye simu, aux au antena. Katika hali ya kwanza, waya za RCA zichomolewe kwenye amplifaya. Kimya kikija, lawama iko kwa waya hizo au redio. Mlio ukiendelea, amplifaya inalishwa umeme mchafu.

Jaribio la kuhitimisha ni kuazima betri nyingine ya volti 12, kuiweka chini pembeni ya pikipiki, na kuiunganishia redio na amplifaya peke yake, bila waya wowote wa umeme au ethi kugusa fremu. Injini iwashwe. Mlio ukitoweka, ulipita kwenye umeme. Ukibaki, unaruka hewani kutoka kwenye cheche, au waya za RCA zimelazwa bega kwa bega na waya wa koili. Hapo zihamishiwe upande wa pili wa fremu, na plagi iangaliwe. Plagi ya NGK iliyoandikwa C7HSA haina kizuizi ndani; CR7HSA inacho, cha takriban ohm 5,000, na herufi R ndiyo inayotangaza hivyo. Plagi yenye R, pamoja na kofia yake ikiwa nzima, huzinyamazisha "tik-tik" nyingi kwa bei ya chakula cha mchana.

Si kila kelele inatoka kwenye injini. Sauti inayopasuka besi inapoingia, hata pikipiki ikiwa imezimwa, mara nyingi ni amplifaya iliyoombwa kuliko uwezo wake. Boksi limeandikwa wati 1,000. Fyuzi yake ni ya ampea 10. Volti 14 mara ampea 10 ni wati 140 zinazoingia, na zinazotoka kwenda kwenye spika haziwezi kuzidi hapo. Kati ya boksi na fyuzi, ya kuaminiwa ni fyuzi. Taa kubwa ikififia kwa kila mdundo, mfumo mzima unalia njaa, na spika kubwa zaidi itaongeza njaa hiyo.

Ipo pia mikwaruzo ya spika yenyewe, hasa baada ya masika. Maji na vumbi vikiingia kwenye nafasi nyembamba kati ya koili na sumaku, koni haitembei sawa. Inajulikana kwa kuisukuma taratibu kwa vidole, redio ikiwa imezimwa: ikikwaruza, hiyo sasa ndiyo ya kubadilishwa.

Filta za waya wa umeme zinauzwa, na zinafanya kazi, lakini fundi anayeanza nazo anaficha ushahidi. Mlio ulioanza ghafla kwenye mfumo uliokuwa safi kwa mwaka mzima huenda ni taarifa kwamba regileta inakufa. Mita ikionyesha zaidi ya volti 15 injini ikipewa resi, betri inachemka na balbu zitaanza kuungua mfululizo. Hapo redio izimwe na regileta ibadilishwe kabla ya kugusa kitu kingine.