Koronari ya Kushoto Inatokea Wapi?

Ripoti ya eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ya mtoto mchanga ikiishia kwenye maneno "moyo umetanuka, misuli dhaifu", mimi huirudisha. Bado haijasema mshipa wa koronari wa kushoto unatokea wapi.

Mishipa miwili ya koronari, inayolisha misuli ya moyo wenyewe, kwa kawaida huchipuka kwenye aota, mshipa mkuu utoao damu moyoni kwenda mwilini. Kwa takriban mtoto 1 kati ya 300,000, ule wa kushoto huchipuka kwenye mshipa uendao mapafuni. Madaktari Bland, White na Garland wa Boston waliieleza hali hiyo mwaka 1933. Mtoto huzaliwa vizuri tu. Balaa huanza wiki chache baadaye, shinikizo la mapafuni linaposhuka: damu ya koronari ya kulia hupenya kwenye vijishipa vya kuunganisha, ikarudi kinyumenyume ndani ya koronari ya kushoto na kumwagikia mapafuni. Misuli inabaki na njaa. Mtoto ananyonya kidogo, anaacha, analia, jasho linamtiririka. Nyumbani wanasema ni chango, kumbe ni moyo unaouma, kama wa mzee aliyezibwa mshipa.

Picha ya eko ya nyeusi na nyeupe hudanganya hapa. Koronari ya kushoto hupita karibu mno na ukuta wa aota, ukadhani imeshikana nao. Kwa hiyo nawasha Dopla ya rangi, inayoonyesha damu inaelekea wapi, na kushusha kiwango chake cha kasi, maana damu ya koronari huenda polepole, na mashine iliyotegwa kwa ajili ya vali haitaiona. Damu inayokuja upande wa kipimio huonekana nyekundu, inayokwenda mbali huonekana bluu. Tawi la mbele la koronari ya kushoto likitoka bluu pale lilipopaswa kuwa jekundu, sina tena shaka kubwa. Hata hivyo natafuta ushahidi zaidi: koronari ya kulia iliyonenepa kwa kubeba kazi mbili, misuli inayoshikilia vali ya mitrali (ile ya upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini) iking'aa kwa kovu, na mchirizi wa rangi ndani ya mshipa wa mapafu wakati moyo umelegea.

Dawa peke yake hazitoshi. Bila upasuaji, watoto wapatao 9 kati ya 10 hawamalizi mwaka. Daktari wa upasuaji huung'oa mshipa na kuupandikiza kwenye aota, na moyo uliokuwa hoi mara nyingi hupata nguvu ndani ya miezi kadhaa. Kwa kuwa misuli inayoishikilia imepata kovu, vali ya mitrali inaweza kuendelea kuvuja, hivyo eko hurudiwa kwa miaka.