Injini Inayovuta Hewa Ovyo

Gari limetoka gereji. Injini ilishushwa, ikafunguliwa yote, ikafungwa upya. Lakini sasa mngurumo wake unapanda na kushuka. Gari likisimama, injini inataka kuzimika. Huenda kosa ni dogo: injini inavuta hewa mahali pasipotakiwa.

Injini ya petroli huvuta hewa kupitia chujio. Hewa hiyo huchanganyika na petroli kwa kipimo. Mpira ukipasuka, au ukisahauliwa kuunganishwa, hewa nyingine huingia bila kipimo. Gasketi ya zamani ikirudishwa, au nati zisipokazwa sawasawa, hewa hupenya pia. Vumbi la barabara za Karatu huingia nayo, likala silinda.

Hatari kubwa iko kwenye breki. Katika magari mengi ya petroli, mvuto wa hewa wa injini husaidia mguu kukanyaga breki. Mvuto ukipungua, breki huwa ngumu. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro una urefu wa zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kutoka huko njia hushuka kwa kona nyingi hadi lango la Lodoare, kisha Karatu. Hapo breki ngumu inaweza kuua.

Basi pimeni kabla ya safari, dereva na fundi pamoja. Egesheni gari mahali tambarare. Toeni gia, vuteni breki ya mkono, wekeni mawe kwenye magurudumu.

1. Zimeni injini. Kagueni mipira yote, mmoja mmoja.

2. Kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Usiinue mguu. Washa injini. Breki ikididimia kidogo, ni dalili njema. Isipodidimia, gari lisiondoke.

3. Injini ikiwaka, sikilizeni sauti ya "sss".

4. Nyunyizeni maji kidogo ya sabuni kwenye maungio ya njia ya hewa, mbali na nyaya za umeme. Mngurumo ukibadilika, hewa inaingia hapo. Msitumie petroli, itawaka moto.

Jambo moja msilichanganye. Hewa ya juu ni nyepesi. Kwa hiyo hata gari zima hupungukiwa nguvu likipanda Ngorongoro. Lakini mngurumo usiotulia hapo hapo Karatu ni kazi ya fundi.

Maswali

1. Hewa isiyopita kwenye chujio huleta madhara gani?
2. Kwa nini tusitumie petroli kupima?
3. Eleza jinsi ya kupima breki.