Mgonjwa Anapomwita Padre

Somo: Marko 2:1-12, Yakobo 5:13-16

 

Jamaa zetu nyingi siku hizi zimechanganyika. Baba ni Mmethodisti, mama ni Mkatoliki. Kijana amelelewa katika Kanisa la Presbiteri, naye ameoa binti aliyebatizwa misioni kwa mapadre. Maadamu watu wote ni wazima, hakuna neno. Jumapili kila mmoja hushika njia yake, na jioni wote hula chakula kimoja. Lakini ugonjwa ukiingia nyumbani, maswali huingia pamoja nao. Mgonjwa asema, "Niitieni padre." Watu hutazamana. Mmoja afikiri moyoni, "Basi, amekwisha kukata tamaa." Mwingine anong'ona kwamba hayo ni mambo ya mafuta tu, yasiruhusiwe katika nyumba ya waliookoka.

Je, sisi tufanyeje? Ili tujibu kwa haki, yatupasa kwanza tujue mgonjwa huyo anaomba nini.

Anachoomba mgonjwa

Kanisa Katoliki lina sakramenti saba, na mbili kati ya hizo huitwa sakramenti za uponyaji: Kitubio na Mpako wa Wagonjwa.

Katika Kitubio mtu huchunguza moyo wake, huzijutia dhambi zake, huziungama mbele ya padre, hupewa malipizi ya kutimiza, kisha husikia kwa masikio yake maneno ya maondoleo. Padre hana ruhusa kumwambia mtu yeyote aliyoyasikia, hata kama atatishwa.

Katika Mpako, padre humwekea mgonjwa mikono pasipo kusema neno, kisha humpaka mafuta kwenye kipaji cha uso na mikononi, akimwomba Bwana amsaidie kwa neema ya Roho Mtakatifu, amwokoe na kumwinua. Mafuta hayo kwa kawaida hubarikiwa na askofu katika Juma Kuu. Msingi wao ni somo letu la leo, mahali Yakobo anapomwagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa.

Kwa karne nyingi mpako huo ulitolewa hasa kwa mtu aliye karibu kufa, hata watu wakauita Mpako wa Mwisho. Ndiyo sababu mpaka leo wengine wakimwona padre mlangoni huanza kulia. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika mwaka 1962 hadi 1965, ulifundisha kwamba jina lifaalo zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, wala si wa wale tu walio katika saa ya kufa. Mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita akaweka utaratibu mpya. Sasa mtu anayengoja kupasuliwa kwa ugonjwa mzito, au mzee aliyedhoofika, aweza kuupokea. Na ugonjwa ukizidi, au akiugua tena, aweza kuupokea tena.

Basi mgonjwa anapomwita padre hakati tamaa. Wala hamkatai daktari. Hospitali ya Mater ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1962 na Masista wa Huruma kutoka Ireland, kama vile wamisheni wetu walivyojenga hospitali za Kikuyu, Tumutumu na Maseno. Dawa na maombi havikugombana huko wala huku.

Kwa nini roho kwanza

Mtazameni yule mwenye kupooza katika Marko sura ya pili. Rafiki zake wanne walipasua dari ili atembee. Bwana Yesu alipomwona, neno lake la kwanza halikuhusu miguu. Alimsamehe dhambi. Miguu ilifuata baadaye. Bila shaka wale wanne juu ya dari walishangaa, maana hawakumleta kwa haja hiyo. Lakini Bwana aliona kidonda ambacho wao hawakukiona.

Hapo ndipo Wakatoliki husimama wanaponena juu ya uponyaji wa roho. Mwili ukipona, wanashukuru. Usipopona, mgonjwa bado amepokea amani na nguvu za kustahimili, akijua kwamba mateso yake yako mikononi mwa Kristo aliyeteswa. Na sisi twakiri yayo hayo tunapozika wapendwa wetu waliolala katika Bwana.

Huruma na tumaini

Katika karne iliyopita jambo hili lilitiliwa mkazo na mtawa mmoja wa Polandi, Faustina Kowalska. Alizaliwa mwaka 1905 katika nyumba ya wakulima maskini, watoto kumi. Shule hakuisoma miaka mitatu kamili. Katika utawa wake alipika, alilima bustani, alingoja lango. Mwaka 1931, mjini Płock, alisema amemwona Yesu katika vazi jeupe, mkono mmoja umeinuka kubariki, na kutoka kifuani mwake miali miwili, mmoja mwekundu na mmoja mweupe, kwa mfano wa damu na maji ya Yohana 19:34. Picha hiyo, iliyochorwa mara ya kwanza mwaka 1934, sasa imetundikwa katika nyumba nyingi za Wakatoliki hapa kwetu, na chini yake pana maneno machache ya kumwambia Yesu kwamba anatumainiwa. Faustina alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1938, umri wake miaka 33.

Kanisa lake halikumpokea kwa haraka. Mwaka 1959 Roma ilikataza maandishi yake yasienezwe, na katazo hilo likaondolewa mwaka 1978. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu, na Jumapili inayofuata Pasaka ikawa Jumapili ya Huruma ya Mungu.

Mafundisho yake ni mepesi kueleza. Huruma ya Mungu ni kama chemchemi isiyokauka, lakini mtu huteka kwa chombo cha tumaini. Anayekwenda na kikombe hurudi na kikombe. Anayekwenda na mtungi hurudi na mtungi. Mwenye dhambi kubwa asiogope kukaribia. Yeye ndiye mwenye kiu zaidi.

Tunapotofautiana

Hatutaki kuficha tofauti zetu. Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1551, lilishika kwamba dhambi za mauti ziungamwe kwa padre. Sisi tumefundishwa kutoka 1 Timotheo 2:5 kwamba mpatanishi ni mmoja, na kwamba mwenye kutubu aweza kumwendea moja kwa moja. Tena, maono ya mtu hatuyafanyi msingi wa imani. Na Wakatoliki wenyewe hufundisha kwamba maono ya namna hiyo hayaongezi neno juu ya Injili.

Lakini tusiifanye tofauti kuwa kubwa kuliko ilivyo. Mwaka 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa kustahili kwake. Wamethodisti wa dunia waliliafiki mwaka 2006, na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Martin Luther mwenyewe hakuifuta toba ya faragha. Na ndugu zetu Waanglikana wakikifungua kitabu cha sala cha mwaka 1662, wataona kwamba katika kumzuru mgonjwa kasisi aagizwa kumsaidia aungame, ikiwa dhamiri yake inalemewa.

Swali linaturudia sisi. Twasema mlango uko wazi; je, twauingia? Wako waumini wanaoimba juu ya damu ya Yesu kila Jumapili, lakini wamebeba neno moja la zamani miaka ishirini: mimba iliyotolewa, shamba la ndugu lililochukuliwa kwa hila, mzazi aliyekufa pasipo kuombwa msamaha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu wa Uamsho, ulioenea kutoka Rwanda na Uganda ukafika Kenya katika miaka ya 1930, walilijua hili, wakaungamiana na kutembea nuruni. Yakobo asema tuungamiane. Je, wewe unaye mtu mmoja mwaminifu, mchungaji au mzee wa kanisa, ambaye waweza kumfungulia moyo naye asikutangaze?

Basi, tufanyeje?

Mgonjwa wako Mkatoliki akimwomba padre, mwitie, wala usichelewe. Padre akifika, mpishe nafasi, maana kitubio chataka faragha. Usianzishe mabishano kando ya kitanda. Mgonjwa hana nguvu za kukujibu. Padre akiisha kuondoka, rudi ukae. Msomee Zaburi ya 103, umwombee, na umwache naye akuombee. Usimwahidi kwamba lazima atainuka, wala akifa usiseme imani yake ilikuwa ndogo.

Nawe uliye mgonjwa katika kanisa letu, usijifiche kwa kuona haya. Mwite mchungaji wako. Ugonjwa wako si ushahidi kwamba Mungu amekukataa. Yule aliyemwambia mwenye kupooza kwamba amesamehewa, bado yu katika nyumba hiyo, na dari ingali yapasuka.

Tuombe. Ee Baba mwenye rehema, watazame wagonjwa wote usiku huu, wa kanisa letu na wa kanisa la jirani zetu. Waponye kama upendavyo. Wasamehe kama ulivyoahidi. Tufundishe kukutumaini kabla hatujaona, kwa ajili ya Yesu Kristo Mwokozi wetu. Amina.