MUUGUZI AKIVUKA MPAKA, KAZI YAKE INAHESABIWAJE?



Makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, yanapokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950, kwanza kutoka Rwanda na siku hizi wengi kutoka Kongo. Miongoni mwao wamo wauguzi waliotibu watu miaka kumi au kumi na mitano kule Kivu. Wakifika hupewa kiwanja kama wengine, na diploma hubaki ndani ya mfuko wa nailoni.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya mshahara, na haki ya kufanya taaluma yake ikiwa vyeti vyake vimetambuliwa na wenye mamlaka. Liangalieni sana neno hilo "vimetambuliwa". Hapo ndipo gari linapokwama.

Mwenye mamlaka ni Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, lililo chini ya sheria ya 1996. Asiyeandikishwa nalo haruhusiwi kufanya uuguzi, hata awe na uzoefu wa miaka ishirini. Diploma ya Kongo ni ya Kifaransa, basi itafsiriwe kwa Kiingereza na mfasiri anayekubaliwa, kisha ilinganishwe na masomo ya hapa. (Sindano haijui Kifaransa wala Kiingereza, lakini ofisi inajua.) Madaraja nayo yanachanganya: Kongo wanasema A2, aliyesomea uuguzi ngazi ya sekondari, na A1, aliyesoma miaka mitatu baada ya sekondari. Uganda wanasema muuguzi wa cheti, wa diploma na wa digrii. Mwajiri asiwapange watu hawa kwa kukisia.

Wengine husema Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo njia ni wazi. Sivyo. Soko la Pamoja lilianza 2010 na linataka nchi zitambue vyeti vya wenzao, lakini anayeandikisha muuguzi Uganda bado ni Baraza la Uganda.

Sasa sisi wa viwanda vya maziwa vya Mbarara na wa mashambani yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwajiri mwenye zahanati anaweza kumchukua muuguzi huyu kwa jina la "msaidizi", akampa posho ndogo, halafu usiku akamwachia sindano na dripu. Mambo yakiharibika atasema huyo alikuwa mfagiaji tu. Aliyeumia ni mfanyakazi, na atakayeshtakiwa ni mfanyakazi. Na yule muuguzi mwenye leseni akidai nyongeza ya mshahara, ataonyeshwa mlango kwa sababu yuko wa bei rahisi.

Kumfukuza mgeni si dawa. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kumbagua mtu kwa ajili ya taifa alikotoka. Anayesubiri karatasi anaweza kuwa mkalimani wa wagonjwa, au kufundisha usafi na chanjo majumbani, mradi alipwe kwa kazi hiyo na asishikishwe sindano.

Matawi yote yenye zahanati kazini: waulizeni wauguzi wenu kwa upole kama wana leseni. Kwa asiye nayo, dai letu liwe kwamba mwajiri alipe tafsiri, ada na nauli ya Kampala, na siku leseni ikitoka apandishwe mshahara wa muuguzi. Liandikwe katika mapatano, lisiachwe mdomoni mwa meneja.