Mvua za Kutosha, Mavuno Hakuna

Jumla ya mvua ya msimu haimwambii mkulima mengi. Milimita 400 zikinyesha kwa mpangilio kuanzia Machi hadi Mei, mahindi yanabeba. Zikimwagika zote ndani ya siku chache, kisha jua likawaka wiki tatu mfululizo wakati mahindi yanatoa mbelewele, atavuna mabua, ilhali kwenye daftari la kituo cha hali ya hewa msimu huo utasomeka kuwa wa wastani.

Chanzo ni hewa yenyewe. Joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selisiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa ya namna hiyo ina kiu: hunyonya maji ya udongo, ya malambo na ya majani. Ikipanda juu na kupoa, huyashusha kwa mkupuo. Kwa hiyo joto lilelile ndilo linalozidisha ukame na ndilo linalozidisha mafuriko, wala hapo hapana ukinzani wowote.

Afrika Mashariki tumeyaona yote mawili kwa karibu. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua kusini mwa Ethiopia, Somalia na kaskazini mwa Kenya. La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, ilichangia, lakini wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria kuwa ongezeko la joto duniani liliufanya ukame wa aina hiyo uwezekane angalau mara 100 zaidi, hasa kwa kukausha ardhi. Mwishoni mwa 2023 baadhi ya maeneo hayohayo yakafurika. El Niño, kinyume cha La Niña, ilikutana na hali ambapo Bahari ya Hindi upande wetu huwa na joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa, na hapo vuli hufurika.

Tangu mvua za 1997 na 1998, kila gharika kwetu huitwa El Niño. Hata mafuriko ya Aprili 2024 yalisingiziwa jina hilo, ingawa watafiti hawakuona mkono wake.

Masika ina tabia yake. Kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980 ilielekea kuchelewa kuanza na kuwahi kuisha. Maji ya bahari yenye joto upande wa kusini huuchelewesha ukanda wa mvua, kisha joto la Uarabuni huuvuta haraka kwenda kaskazini. Cha ajabu, modeli nyingi za kompyuta zilitabiri kuwa masika itaongezeka, na mjadala huo haujaisha.

Vuli inatabirika mapema kwa sababu bahari hubadilika polepole. Masika haishikiki kirahisi hivyo, na kwa maoni yangu anayeamua lini apande mahindi anasaidiwa zaidi na utabiri wa siku kumi kuliko ule wa miezi mitatu.