Kigae, marumaru na kauri

Madukani na miongoni mwa mafundi wengi wa Tanzania, kigae chochote kinachong'aa sakafuni huitwa marumaru. Katika mazungumzo hakuna ubaya. Katika mwongozo wa ufundi upo, kwa kuwa neno hilo, lenye asili ya Kiarabu marmar, ni jina la jiwe linalochimbwa, ilhali vigae vingi ni udongo uliochomwa tanurini.

Kigae ni udogo wa gae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika; maana ikapanuka hadi paani na sakafuni. Kauri ni kombe dogo la baharini lenye kung'aa, na pia ni udongo mweupe mgumu wa vyombo vya thamani. Kwa sadfa ya kupendeza, neno la Kiitaliano porcellana, lililozaa majina ya udongo huo katika lugha nyingi za Ulaya, nalo lilikuwa jina la kombe hilohilo. Hivyo mfasiri anayo istilahi tayari: kigae cha kauri.

Tofauti hii huamua kifaa. Kigae cha kawaida hukatwa kwa mashine ya mkono: gurudumu dogo la chuma kigumu huchora mstari usoni, kisha kigae hukandamizwa kikavunjika papo hapo. Kauri ni ngumu zaidi na hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Mara nyingi huhitaji diski ya almasi inayopozwa kwa maji, na gundi maalumu, maana saruji tupu haiishiki vizuri. Mwongozo ukisema tu "kata marumaru", fundi atakisia, na hasara ya vigae vilivyopasuka itakuwa yake. Marumaru halisi nayo huharibiwa na siki na ndimu, jambo lisilopaswa kupotea katika maagizo ya usafi.

Gundi hutandazwa kwa mwiko wenye meno. Baadhi ya wafasiri hulikwepa neno mwiko kwa sababu ya maana zake za jikoni na za makatazo. Hofu hiyo haina msingi, muktadha hutosha. Pimamaji na timazi, kwa upande mwingine, visibadilishwe: cha kwanza hupima hasa ulalo wa sakafu, cha pili wima wa ukuta. Kijazio cha nafasi kati ya vigae huitwa grauti, nomino ya ngeli ya I-ZI: grauti imekauka.