Unaenda kazi ng'ambo? Jipime kabla hujapimwa

Na MWANDISHI WETU

Kwenye makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), barabara ya Kiambu jijini Nairobi, watu hupanga foleni wakingoja kupigwa alama za vidole. Wengi wao hawana kesi wala hawajawahi kulala seli. Wanatafuta cheti cha mwenendo mwema kwa sababu wana safari. Kuna anayeenda Saudia kuwa yaya, kuna dereva wa Qatar, kuna muuguzi wa Uingereza. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya wafanyakazi mjini Berlin mnamo Septemba 2024, wapo pia wanaojifunza Kijerumani huku wakikusanya karatasi.

Karatasi mbili humhangaisha msafiri wa kazi kuliko nyingine zote. Moja ni hiyo ya polisi. Ya pili ni ya daktari, inayosema kwamba mwili wake unaiweza kazi na kwamba hana ugonjwa unaoogopwa na nchi aendako. Ya polisi husumbua kwa foleni tu. Ya daktari inaweza kumletea mtu habari ambayo hakuwa tayari kuisikia, wiki mbili kabla ya safari, baada ya familia kuuza ng'ombe na chama kutoa mkopo.

Ni vyema msomaji afahamu jambo moja kabla ya mengine yote. Uchunguzi wa viza haufanywi kwa faida ya anayepimwa. Unafanywa kwa niaba ya serikali ya kigeni au ya mwajiri. Kliniki hujaza fomu, huandika kwamba mtu anafaa ama hafai, na kwa kawaida kazi yake imeishia hapo. Aliyeambiwa hafai hushuka ngazi akiwa na neno hilo moja kichwani. Akikutana na dalali pale chini, mazungumzo huwa ni ya jinsi ya kubadilisha jibu. Ugonjwa wenyewe, ambao pengine ungetibiwa kwa tembe za bure katika zahanati ya mtaani kwao, hausemwi tena.

Ndiyo maana inafaa mtu ajipime mwenyewe kwanza, kimyakimya, miezi minne au mitano kabla ya ule uchunguzi rasmi. Aende hospitali ya serikali au zahanati anayoiamini, amweleze daktari anakoenda, na aombe vipimo vilevile atakavyofanyiwa baadaye.

Kwa nchi za Ghuba vipimo hivyo vinajulikana. Vituo vilivyoidhinishwa, ambavyo kwa miaka mingi watu walivijua kwa jina la GAMCA na sasa hupangwa kupitia mtandao wa Wafid, hupima damu kutafuta virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, kaswende na malaria. Hupiga eksirei ya kifua kutafuta kifua kikuu. Wanawake hupimwa mimba. Presha na sukari ya damu huangaliwa pia, na presha isiyodhibitiwa inaweza kumzuia mtu hata kama damu yake haina lolote.

Kifua kikuu

Hapa ndipo wengi hukwama, na si wagonjwa peke yao. Mtu aliyeugua kifua kikuu miaka kumi iliyopita, akameza dawa kwa miezi sita na kupona kabisa, anaweza kuwa na kovu kwenye pafu. Kovu hilo huonekana kwenye eksirei. Kwa masharti ya Ghuba, alama ya kifua kikuu cha zamani inaweza kutosha kumfanya mtu aandikwe hafai, hata kama hana kiini kimoja cha ugonjwa. Mwandishi wa makala haya haoni haki katika sharti hilo, lakini lipo, na ni afadhali mtu alijue kabla ya kulipa wakala kuliko baadaye.

Uingereza hufanya tofauti. Mkenya anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita hana budi kupimwa kifua kikuu, na hapa nchini kazi hiyo hufanywa na kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) jijini Nairobi. Kinachotafutwa ni ugonjwa ulio hai. Eksirei ikionyesha dalili ya kutiliwa shaka, mtu hutoa makohozi siku tatu mfululizo, na majibu ya kuotesha vijidudu huweza kuchukua hadi wiki nane. Wiki nane! Aliyekwisha kununua tikiti atalia. Akipatikana na ugonjwa hapewi cheti, lakini akimaliza matibabu anaweza kupimwa upya na kwenda zake.

Kwa hivyo aliyewahi kuugua atafute rekodi zake: kadi ya kliniki, tarehe ya kuanza na kumaliza dawa, na eksirei ya zamani ikiwepo. Daktari akiweka picha ya miaka mitano iliyopita kando ya ya leo, akaona kovu halijabadilika, ana msingi wa kuamua. Na yule ambaye amekuwa akikohoa zaidi ya wiki mbili, ama anatokwa jasho usiku na kukonda, asingoje viza. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za umma hapa Kenya.

Akina mama waja wazito wasikubali kusukumwa kwenye mashine bila kuulizwa. Kwa cheti cha Uingereza mama mjamzito ana hiari: apigwe picha akiwa amefunikwa tumbo kwa kinga baada ya kutia saini, atoe makohozi, au angoje hadi ajifungue.

Ini na damu

Homa ya ini aina ya B huwashangaza vijana wengi kwa sababu huweza kukaa mwilini miaka na mikaka bila maumivu yoyote. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata chanjo hiyo utotoni. Asiye na virusi achanjwe. Dozi huwa tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu baada ya miezi sita. Kuna tahadhari moja ambayo si wengi huambiwa: siku chache baada ya kuchanjwa, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kana kwamba mtu ana virusi, ilhali ni chanjo yenyewe inayoonekana. Hali hiyo huweza kudumu zaidi ya wiki mbili. Usichanjwe Jumatatu ukaenda kupimwa Ijumaa. Acha mwezi upite.

Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini, lakini baadhi ya vipimo huendelea kuonyesha kwamba mtu aliwahi kuugua hata akiwa amepona zamani. Homa ya ini aina ya C nayo siku hizi huponywa kwa tembe za wiki nane hadi kumi na mbili, na kipimo cha kwanza huendelea kusema 'ndiyo'. Kwa yote mawili, barua ya daktari na kipimo cha pili ndivyo hueleza ukweli.

Tuje kwa ukimwi, ambao watu huuzungumzia kwa sauti ya chini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu kuzuia na kudhibiti ukimwi inakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili apate kazi au asafiri nje ya nchi. Hata hivyo, sheria yetu haivuki mpaka, na nchi za Ghuba bado hukataa kumpa kibali cha kuishi mfanyakazi mwenye virusi. Uingereza haipimi virusi hivyo kwa ajili ya viza. Marekani iliondoa marufuku yake mnamo Januari 2010. Mwenye virusi aliye na kisomo au ujuzi ana njia nyingine, na afya yake ikiwa imara atafanya kazi kama mwingine yeyote.

Hatari iko kwa wale wanaoacha dawa ili 'wasijulikane'. Kuacha dawa hakufichi kitu, kwa kuwa kipimo hutafuta kinga ya mwili dhidi ya virusi na kinga hiyo haiondoki. Kinachotokea ni virusi kuongezeka na kujifunza kuzishinda dawa, na mtu hurudi kliniki baadaye akiwa hali mahututi. Vilevile usikubali majibu yako yasomwe mbele ya wakala. Ni siri yako na daktari.

Cheti cha kununua

Kuna wanaosema kwamba maneno haya yote hayana haja, kwani cheti cha daktari kinauzwa. Kinauzwa, ni kweli. Lakini anayekinunua hajui kwamba Saudia, Falme za Kiarabu na majirani wao humpima mfanyakazi mara ya pili akishafika, kabla ya kumpa kibali cha kuishi. Damu haiwezi kuhongwa Riyadh kwa sababu ilihongwa Nairobi. Akipatikana na tatizo hurudishwa nyumbani, na deni la safari linamngoja uwanjani. Isitoshe, majibu ya Wafid husomeka kwenye mtandao wao kwa kutumia nambari ya paspoti, kwa hivyo yeyote anaweza kuhakikisha kama karatasi aliyopewa ni ya kweli. Na wakala mwenyewe ahakikishwe pia: orodha ya mawakala wenye leseni huwekwa na Halmashauri ya Kitaifa ya Ajira.

Upande wa polisi

Ombi la cheti cha mwenendo mwema huanzia kwenye eCitizen. Mtu hulipa, huchapisha fomu ya C24 pande zote mbili za karatasi moja (wanaochapisha karatasi mbili hurudishwa), kisha huenda kupigwa alama za vidole vyote kumi katika makao makuu ya DCI, kwenye vituo vya Huduma au ofisi za DCI za kaunti. Jina liwe sawasawa na lililo kwenye paspoti, herufi kwa herufi. Tofauti ya 'Mohamed' na 'Mohammed' imewahi kuchelewesha watu wengi kuliko uhalifu.

Alama za vidole nazo ni jambo la afya. Fundi wa mawe aliyeshika saruji miaka kumi, na mama afuaye nguo kwa sabuni kali na dawa ya kung'arisha, huwa na vidole vilivyolika hata mistari haisomeki. Dawa zake ni rahisi: wiki moja au mbili kabla ya kwenda, vaa glavu kazini, na paka mafuta mazito vidoleni kila usiku. Siku yenyewe vidole viwe safi na vikavu. Dada zetu wa pwani wangoje hina ya vidoleni ififie, maana inaweza kusumbua mashine. Mgonjwa wa saratani anayetumia capecitabine ajue kwamba dawa hiyo huweza kufuta alama za vidole, na aombe barua kutoka kwa daktari wake.

Aliyewahi kushtakiwa kisha akaachiliwa asidhani rekodi ilijifuta yenyewe. Achukue nakala ya uamuzi mahakamani aipeleke DCI kabla ya kuomba cheti. Naye aliyefanya kazi Dubai miaka mitatu na sasa anataka kwenda Uingereza kuuguza atatakiwa kuleta cheti cha polisi cha huko pia. Kukitafuta ukiwa umesharudi Kenya ni kazi ngumu kuliko ukiwa bado huko.

Tatizo kubwa la hivi vyeti viwili ni kwamba havizeeki kwa mwendo mmoja. Cheti cha kifua kikuu cha Uingereza hudumu miezi sita tangu siku ya eksirei. Uchunguzi wa Kanada hudumu miezi kumi na miwili, lakini anayeomba kuhamia huko hutakiwa cheti cha polisi kisichozidi miezi sita. Cha Ghuba huisha upesi zaidi, miezi miwili mitatu hivi. Wengi hukimbilia cheti cha daktari siku wanapopata fununu ya kazi, kisha paspoti huchelewa, mwajiri husitasita, na cheti hufa mkononi. Hulipwa tena. Mpango mwema ni paspoti kwanza, vipimo vya siri vya hospitalini pili, cheti cha polisi mkataba unapoonekana, na uchunguzi rasmi wa daktari mwisho.

Chanjo ya homa ya manjano ndiyo pekee isiyo na haraka ya kuisha. Tangu Julai 2016 dozi moja hutambuliwa kwa maisha yote, ila cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano. Kadi ya manjano ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado ni halali, na asije mtu akakulipisha nyingine.

Mwisho ni mkoba wenyewe. Anayemeza dawa za presha, sukari au kifafa abebe za kutosha miezi ya kwanza, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa. Tramadol na dawa za kikohozi zenye codeine, ambazo hapa watu huzipata dukani bila maswali, zinaweza kumfunga mtu jela katika nchi za Ghuba akizibeba bila kibali. Na miraa iachwe Eastleigh. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na Uarabuni hawataki hata kuiona.